Ng'ombe Aliyesimama Ukutani kwa Shija

Nimestaafu tangu mvua zilizopita, na kukaa siwezi. Mke wangu, Mama Sayi, alininunulia kiti cha plastiki chenye mikono, akakiweka barazani, akasema, "Baba Sayi, hiki ndicho kiti chako cha kustaafia." Nimekikalia kama mtu anayekalia jiko. Nikitua tu, miguu inaanza kutafuta barabara yenyewe. Hata maneno haya nayaandika nimesimama, karatasi iko juu ya friji, na kila nikimaliza aya natoka kwenda mjini kuangalia kama kuna kilichobadilika tangu nilipotoka mara ya mwisho. Huwa kimebadilika. Bariadi ya siku hizi ukiingia kunywa chai, unatoka unakuta ghorofa.

Walioniomba niandike ni vijana wa karakana yetu ya mabango. Sasa hivi wana mashine inayotema turubai lenye picha na maandishi kabla hujamaliza kupiga chafya. Neema, binti anayekaa kwenye kompyuta, ndiye aliyeanza.

"Babu, kabla ya hizi mashine, watu walijuaje duka lipi ni lipi?"

"Walikuwa na macho."

"Haya. Na ile habari ya maksai wa Sapiwi ni ya kweli, au ni chumvi zako?"

Nikamwambia chumvi ipo, lakini nyama ni ya kweli. Mtu wa kijiji cha Sapiwi alipotelewa na maksai wake wa plau wakati mawingu ya mvua yameshaanza kukusanyika, na mahali pekee maksai huyo alipoonekana ni ukutani, kwenye picha niliyoichora mimi. Asipompata kabla ya mvua, halimi. Asipolima, nyumba yake haina chakula mwaka mzima. Basi. Lakini siwezi kuwaeleza hayo kabla hamjaijua barabara yenyewe, maana barabara nzima iliingia kwenye kesi.

Habari za vyeo na mishahara sitaandika. Kwenye karakana ya watu wawili, cheo kilikuwa ni nani hashiki ngazi. Na huku kuandika vizuri mnakokuona nilikupata ukubwani, kwenye masomo ya jioni, nikiwa baba wa watoto na mwalimu wangu akiwa sawa na mdogo wangu wa mwisho. Cheti changu cha kidato cha nne nimekitundika sebuleni kwenye fremu niliyoichonga mwenyewe. Mama Sayi anasema fremu ile ingetosha kuwa mlango. Anaona wivu tu.

Mji wa utotoni mwangu ulikuwa barabara moja ya vumbi, kutoka stendi mpaka sokoni. Wenye maduka wote ungewapakia kwenye pick-up moja ukabakiza nafasi ya mbuzi. Tulikuwa bado chini ya Shinyanga, na mtu angesema siku moja Bariadi itakuwa makao makuu ya mkoa tungempeleka hospitali. Mama yangu aliuza karanga za kuchemsha nje ya duka la Bwana Salumu, kwa hiyo mimi nililelewa na baraza la duka.

Duka la Salumu lilikuwa la kwanza ukitoka stendi. Ukiingia ulipokewa na mafuta ya taa, sabuni ya mche na khanga ambazo hazijafuliwa, vyote kwa harufu moja ambayo sijawahi kuipata tena mahali pengine. Baba yake Salumu alitoka Uarabuni, lakini yeye Kisukuma alikijua kuliko sisi. Mama yeyote aliyepita alisalimiwa "Mwangaluka, mayu", yaani habari ya asubuhi, mama, kwa sauti ambayo ilikuwa vigumu kuipita bila kununua hata kiberiti. Barazani kwake alikaa Mzee Luka na cherehani. Mzee Luka hakuwahi kutumia futi. Alikutazama mara moja ukiwa unakuja, akageuka kukutazama ukiwa unaondoka, basi, vipimo vyako ameshavichukua. Ndiyo maana suruali zote za Bariadi zilipwaya nyuma, na sisi tukadhani ndiyo fasheni.

Ukivuka kulikuwa na mashine ya kusaga. Ikiwashwa, vikombe vya hotelini kwa Mama Holo vilitembea vyenyewe mezani. Mlio wake ulifika Sapiwi, na upepo ukiwa mzuri watu wa Ipililo walianza kutwanga kwa mapigo yake. Chapati za Mama Holo ziliweza kufunika mtoto wa mwaka mmoja na miguu isionekane. Jirani yake alikuwa mpiga picha, mwenye koti moja na tai moja kwa ajili ya wateja wote. Tazameni picha za wazazi wenu: walimu, wakulima, maharusi, mji mzima umevaa koti lile lile. Halafu kinyozi. Halafu Dotto fundi baiskeli, ambaye domo lake lilifanya kazi kuliko spana zake.

Nimetoka kidogo. Nimerudi. Pale kwa Salumu sasa wanauza vipuri vya pikipiki. Kwa Mama Holo ni kibanda cha kutuma pesa. Kwa mpiga picha kumejengwa duka la vioo, na kijana wa ndani ameniuliza, "Mzee, unatafuta nini?" kwa sababu nilikuwa nimesimama nje nikimtafuta kinyozi. Nimemwambia napita tu. Tuendelee.

Maduka hayo hayakuwa na majina. Yalikuwa na picha. Watu wengi waliotoka vijijini hawakujua kusoma, na waliojua hawakuwa na haraka hiyo. Kwa Salumu kulichorwa taa ya chemli. Kwa Mama Holo, birika linalofuka moshi. Kwa kinyozi, vichwa viwili, kimoja kabla na kimoja baada. Mashineni, hindi lenye meno linacheka, na sisi watoto tulikuwa tukilikwepa jioni. Mtu wa Bukundi alimwambia mwenzake, "Nikishuka nakusubiri kwenye Birika," na hakuna aliyepotea. Ukihamisha picha, umehamisha duka.

Zote zilichorwa na mtu mmoja, Fundi Athumani, Mnyamwezi wa Tabora, mrefu, asiye na haraka, mwenye ukucha mmoja wa kidole cha mwisho alioufuga kwa ajili ya kukwangulia rangi iliyokosea njia. Nilimaliza darasa la saba nikamfuata. Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe nikijua nitapewa brashi. Akanipa ndoo na jiwe la kusugulia. "Osha ukuta," akasema. Nikauosha. Akapitisha kiganja, akakiangalia. "Osha tena." Nilisugua ukuta ule mpaka nikaogopa nitatokea upande wa pili. Brashi niliishika masika ya mwaka uliofuata.

Brashi zenyewe tulitengeneza. Nywele nzuri za brashi zinatoka ndani ya sikio la ng'ombe, hakuna pengine. Ni laini, zinabeba rangi nyingi na hazipotezi ncha. Tulizifuata machinjioni asubuhi, tukazichambua, tukazibana kwenye kipande cha bati tulichokata kwenye kopo la maziwa. Mstari mnyoofu tuliupiga kwa uzi uliopakwa vumbi la chaki: mmoja anashika huku, mwingine kule, unauvuta katikati unauachia, pwa! Na mkono uliegemea kijiti chenye donge la kitambaa kwenye ncha, usije ukachora na kiwiko. Neema, hivyo vyote viko kwenye sanduku chini ya meza yako. Usivitupe, hata kama hujui nitavifanyia nini. Mimi mwenyewe sijui.

Sheria ya Fundi Athumani ilikuwa moja: usichore kitu ambacho hujakitazama. Kwa simba alilegeza kidogo. "Simba hapa hana ndugu wa kulalamika," alisema. "Lakini ng'ombe! Ng'ombe kwa hawa watu ana wakaguzi kila mlango." Ni kweli. Msukuma ukimchorea ng'ombe mwenye kwato zilizokaa vibaya, hatacheka. Atakusikitikia, kama umemwonyesha mtoto wako mgonjwa.

Fundi Athumani macho yalipomchoka alirudi Tabora, akaniachia ngazi. Nikawa fundi. Na mwaka huo huo, vumbi likiwa jingi na mawingu yameanza kusogea kutoka upande wa ziwa, Shija akafungua bucha kwenye kona ya sokoni. Shija alikuwa mtu mnene wa maneno mengi na kuta mbili tupu.

"Fundi," akaniambia, "nataka ng'ombe ambaye mtu akimwona ukutani asikie harufu ya kitunguu."

Nikaenda mnadani na kipande cha mkaa na karatasi ya mfuko wa saruji. Nikazunguka. Ng'ombe walikuwa wengi kuliko watu wa Tanzania, lakini mmoja alinisimamisha. Maksai mwekundu kama udongo wa kichuguu, baka jeupe begani, pembe ya kushoto imeinama kama inasikiliza, sikio la kushoto lina pengo. Alikuwa amefungwa kwenye nguzo. Aliyemfunga ameenda kula. Nikachuchumaa upande wake wa kushoto, nikamchora kila kitu, mpaka kamba yake, ambayo ilikuwa nzuri ajabu: ngozi iliyosukwa, nusu nyeusi nusu nyeupe, manyoya yameachwa, na fundo kama ngumi ya bondia.

Nikampandisha ukutani kwa Shija, mkubwa kuliko alivyo. Sijisifu, lakini mbwa waliukojolea ukuta kwa woga. Wachungaji waliopita walisimama, wakaangalia kwato, wakaondoka bila kunisikitikia. Hiyo ndiyo ilikuwa shahada yangu ya kwanza.

Nilikuwa nimepanda ngazi nikimalizia mkia, ndipo akaja mtu anasukuma baiskeli yenye tenga la kuku. Akasimama. Kuku wakalia, jua kali, yeye kasimama tu.

"Mwadila, baba," nikamsalimu kutoka juu.

Hakuitika. "Huyu kachorwa na nani?"

"Na mimi."

"Ulimtoa wapi?"

"Mnadani."

Akaegemeza baiskeli ukutani, polepole, kama mtu aliyeingia nyumba ya msiba. "Huyu ni Meneja," akasema.

Dotto fundi baiskeli alikuwa amekwisha kusogea, maana pua yake haikukosa kitu. "Meneja wa bucha ni Shija, mzee. Huyo ni ng'ombe."

"Ndilo jina lake! Meneja. Na mwenzake ni Karani. Tangu Meneja apotee malishoni, Karani hali. Ukimtoa zizini anakwenda kusimama upande wake wa nira, anaacha nafasi ya mwenzake, anasubiri."

"Karani gani huyo anayemsubiri meneja?" Dotto akasema. "Makarani ninaowajua mimi meneja akitoka wanakwenda nyumbani." Watu wakacheka.

Yule mtu hakucheka. Jina lake lilikuwa Malimi, wa Sapiwi. Akatuambia ana jozi hiyo moja tu ya kulimia. Amemtafuta maksai wake mabondeni, malamboni, mpaka kwa watu asiowajua, na hakuna aliyemwona. Akanyoosha kidole kwenye mawingu. "Zile zikishuka nikiwa na ng'ombe mmoja, nimekwisha. Mimi na mama watoto tutashika jembe la mkono kwenye shamba lile? Tutafika wapi?"

Mji mdogo hauhitaji redio. Kabla kuku wa Malimi hawajanunuliwa, habari zilikuwa zimefika stendi, na zilipofika zilikuwa zimeota mikono na miguu: Shija amemla ng'ombe wa mtu wa Sapiwi, halafu amemchora ukutani kwa dharau. Wateja wakakatika. Nyama ikabaki inaning'inia na nzi wake. Shija akatoka na ndoo ya chokaa, jasho linamtoka.

"Mfute! Fundi, mfute sasa hivi!"

Malimi akaruka, akausimamia ukuta, mikono ameitanua. "Ukimfuta huyu umenimaliza! Sina pengine pa kumwonea!"

"Kwani mimi ndiye niliyemleta mnadani? Mimi namjua wapi?"

"Sikusema umemla. Nimesema usimfute."

"Wao wanasema nimemla!" Akanigeukia. "Na wewe! Nilikuomba ng'ombe, umeniletea kesi!"

Mimi nilikuwa katikati, brashi inadondosha rangi kwenye kiatu changu. Malimi akanisihi nikumbuke nani alikuwa naye. Sikumwona mtu, nikamwambia, nilimwona ng'ombe. Akauegemea ukuta, nikadhani anataka kulia. Kumbe anaangalia. Akasogea karibu na kichwa cha maksai, akarudi nyuma, akasogea tena.

"Ng'ombe ni wangu," akasema. "Kamba si yangu."

Hapo barabara nzima ikahamia kwenye kamba. Salumu akafunga duka mchana kweupe, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Mzee Luka akaacha cherehani na suruali ya mtu mguu mmoja. Kila mwenye ng'ombe akaja, akaitazama kamba, akatoa maoni, na maoni yalikuwa mengi kuliko manyoya. Aliyeyamaliza ni mama mmoja muuza samli, Mayu Nyamizi, aliyekuwa ameshuka stendi akitokea Bukundi, kule Meatu, na alikuwa anataka kupita tu.

"Mnabishana nini? Hiyo kamba ni ya kwetu. Wote tunanyoa ngozi kabla ya kusuka. Anayeacha manyoya ni Mzee Jidayi peke yake. Tunamcheka kila siku."

Shija akaweka ndoo chini. Jina lake lilikuwa limechafuka, na yeye ndiye aliyekuwa na gari. Basi tukaenda Bukundi, Shija, Malimi na mimi, kwenye pick-up yake ambayo tuliisukuma kuliko ilivyotubeba. Nadhani mimi nilikwenda Bukundi kwa miguu nikiwa nimeshika gari.

Tulimkuta Mzee Jidayi amekaa kwenye kigoda anasuka kamba. Alikuwa mtu mkavu, mwenye maneno machache. Na zizini, juu ya migongo ya wengine, pembe moja imeinama kama inasikiliza. Malimi alipoiona alishika mti wa zizi.

Jidayi alitusikiliza mpaka mwisho. Akasema amemnunua mnadani, mchana, mbele ya watu, na aliyemuuzia hamjui kwao. Wazee wenzake wakaja wakakaa. Malimi akaanza kutaja alama: pembe ya kushoto, pengo la sikio, baka la begani. Alitaja kama mtu anayesali.

Jidayi akatikisa kichwa. "Si mmemchora barabarani? Mayu Nyamizi amerudi jana ametueleza ng'ombe huyu mzima mzima, na hajawahi kumwona. Kila anayeshuka stendi ya Bariadi anaijua pembe hiyo kuliko anavyomjua shemeji yake. Alama ambazo watu wote wanazo, zitakuwaje ushahidi wako?"

Picha yangu imempata ng'ombe, na picha hiyo hiyo imemfungia mlango mwenyewe. Kwa mbali, radi ikaguna.

"Fundi," Jidayi akaniuliza, "ulimchora upande gani?"

"Wa kushoto."

"Na wa kulia?"

"Sikuuona. Ulikuwa upande wa nguzo."

"Basi." Akamgeukia Malimi. "Nitajie upande wa kulia."

Malimi akafumba macho, mkono wake ukawa unatembea hewani kama unapapasa. "Ana... pana..." Akafumbua macho. "Mzee, nisikudanganye. Mimi nashika plau, natembea nyuma. Upande wa kulia anatembea mke wangu na fimbo. Upande ule ni wa Mama Minza."

Wazee wakacheka, si kwa ubaya, lakini wakacheka. Mmoja akasema ni mara ya kwanza kusikia ng'ombe amegawanywa. Mzee Jidayi ndiye hakucheka. Akasema siku ya gulio atamleta maksai Bariadi, huyo mama naye aje. Ameshasikia sana habari za ukuta, akasema, na anataka kuiona kamba yake.

Siku hiyo Bariadi haikufanya biashara. Mashine ya kusaga ilizimwa, na kimya kile kilitutisha. Mama Holo alileta birika lenyewe, si la kuchorwa. Mpiga picha alivaa koti lake mwenyewe. Mawingu yalikuwa yamefika juu ya paa la soko, meusi, na upepo ulikuwa na harufu ya udongo uliolowa mahali fulani karibu.

Jidayi akaja na maksai amefungwa kwa ile kamba. Akamsimamisha kwenye ukuta wa Shija, upande wa kulia ameugandisha ukutani, mtu asiuone. Basi wakawa wawili, wa nyama na wa rangi, pembe kwa pembe. Watu wakapiga makofi, nikasahau shida iliyotuleta, nikainama kidogo.

Mama Minza alikuwa mwanamke mfupi, mwenye khanga iliyofungwa kwa kazi. Alipofika mbele, mzee mmoja wa Bukundi akainua fimbo. "Mambo ya zizi tangu lini anaulizwa mwanamke?"

"Anayeuliza ni mimi," Jidayi akasema. "Na ng'ombe yuko mkononi mwangu. Mayu, sema."

Hakumwangalia maksai. Alimwangalia Jidayi. "Kwenye mbavu, ubavu wa mwisho, manyoya yameota kwenda mbele badala ya kwenda nyuma. Ukipitisha mkono yanakukataa. Na shingoni, kijiti cha nira kilimchubua msimu uliopita. Huyu," akamwonyesha Malimi kwa kidevu, "alisema tumalizie mistari iliyobaki kwanza. Mimi nikamfungua pale pale, nikampaka samli na majivu kila jioni mpaka kidonda kikafunga. Pameota manyoya meupe. Ukubwa wake," akainua kiganja, "ni huu. Kiganja changu, si cha mume wangu."

Jidayi mwenyewe akashika kamba, akamvuta maksai kichwa, akamgeuza.

Ubavu wa mwisho, manyoya yanaelekea mbele. Shingoni, baka jeupe. Mama Minza akasogea, akaweka kiganja chake juu yake, na halikubaki jeupe lolote pembeni ya vidole. Maksai akashusha pumzi ndefu, kama mzigo umetuliwa. Malimi akageuka akaangalia soko, akawa anafuta uso kwa kofia.

Jidayi akafungua lile fundo la ngumi. "Ng'ombe ni wenu," akasema. "Kamba ni yangu." Akaikunja, akaiweka begani, akaanza kuondoka.

Shija akamkimbilia. Jina lake lilikuwa limesafishwa mbele ya mji mzima na furaha ilikuwa imempanda kichwani. "Mzee, huwezi kurudi Bukundi na kamba tupu!" Akatoa mtamba mmoja kati ya ng'ombe aliokuwa amewaleta kuchinjwa. Jidayi akamkagua mtamba huyo pande zote mbili, taratibu, mbele yetu sote, ndipo akamfunga. Huyo ndiye ng'ombe pekee ninayemjua aliyeingia bucha la Shija akatoka kwa miguu yake.

Wakati wanaondoka, Mama Minza alinijia. Nilikuwa nakusanya brashi.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo, mayu."

"Umemchora vizuri. Wabeja." Baada ya kunishukuru hivyo akaangalia ukuta, kisha akaniangalia mimi. "Ule upande mwingine usiuchore. Ni wetu."

Nikamwahidi. Wakashika njia ya Sapiwi, Malimi nyuma, yeye kulia na fimbo, na maksai katikati anatembea haraka kuliko wote wawili. Mvua ilishuka juma hilo. Mayu Nyamizi, aliyekuwa hakosi habari, alituambia kwamba Karani alipomwona mwenzake hakumkumbatia wala nini. Aliinamisha shingo tu, akala. Na walilima.

Shija hakukaa kimya. Watu walikuwa wanatoka Maswa kuja kuuona ukuta, na wakati wa kurudi wananunua nyama. Akanishika mkono, akanipeleka kwenye ukuta wake wa pili.

"Hapa nichoree upande wa kulia. Lile baka, yale manyoya, kila kitu. Nitakuwa na ng'ombe mzima, bucha zima litakuwa katikati yake!"

"Haiwezekani."

"Kwa nini?"

"Ule upande una wenyewe."

"Fundi, huu ukuta ni wangu!"

"Ukuta ni wako."

Tulibishana mpaka koo zikakauka, tukaenda kunywa chai kwa Mama Holo, tukabishana tena. Mwishowe akachoka, akasema nichore ninachotaka, mradi kiwe na kwato. Nikaosha ukuta, nikaosha tena, nikamchorea mbuzi. Anatazama watu usoni, mbele kabisa, pua na ndevu. Ubavu wake hauonekani hata mmoja.